Siku Bosco Alipoanguka Mbele ya Wageni

Mimi si mpenda mbwa, na niseme mapema ili mtu asije akanipa sifa zisizo zangu. Kwetu Bumula mbwa alikuwa wa kulinda boma na kula makombo, basi. Ndugu yangu Wakhungu ndiye aliyeniletea Bosco pale Tuwan, mtaa wetu wa Kitale, kitoto cha mbwa chenye tumbo la minyoo, amekifunga ndani ya sweta yake mwenyewe. Nilipiga kelele siku mbili nzima. Siku ya tatu nikajikuta nakipimia uji.

Wakhungu ni kitinda mimba wetu. Mama alipofariki mwaka wa 1980 nilimchukua nikaja naye Kitale, kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu yeyote mjini. Alikuwa na kifafa. Kule Bumula kila mtu alijua, maana alianza kuanguka akiwa darasa la tatu, mbele ya shule nzima. Na watu wa kwetu wanaamini kwamba lile povu la mdomoni likikugusa, na wewe umekipata. Kwa hiyo akianguka watu walikuwa wanakimbia wanasimama mbali mpaka aamke. Aliwahi kuangukia mafiga, na kovu la moto liko kwenye mkono wake wa kushoto mpaka leo. Mwalimu akasema asirudi shule. Kanisani alikuwa na benchi peke yake, ati Mungu anaelewa.

Kitale hakuna aliyemjua. Nikamtafutia kazi ya kukaa, isiyo na moto wala mashine, na mzee mmoja fundi saa akakubali kumfundisha. Wakhungu ana mikono ya subira, hiyo siwezi kumnyima. Kufikia 1985 alikuwa na meza yake mwenyewe kwenye baraza la duka la nguo, kioo jichoni, watu wanapanga foleni. Vidonge vyake alivimeza kila jioni, na majirani wakiuliza nilisema ni vya vidonda vya tumbo. Alikuwa akianguka mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila mara bahati ilitusaidia ikawa nyumbani, mlango umefungwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilisema wahenga hawakuishi Tuwan na jirani kama Nyaruai.

Halafu akapenda. Msichana aliitwa Jerono, mwalimu wa nasari, na alileta saa ya marehemu baba yake itengenezwe. Saa hiyo ilitengenezwa mara nne, na sidhani kama ilikuwa imeharibika. Nilifurahi, jamani, nilifurahi hadi nikaogopa. Wakhungu alitaka kumwambia Jerono kuhusu ugonjwa. Nikamkataza. Tuligombana juma zima, na mwisho nikamwambia kwa ukali kwamba akifungua mdomo atabaki kapera na mbwa wake mpaka azeeke. Akatii. Alikuwa na deni la heshima kwangu, na mimi nililitumia vibaya.

Ikafika ile Jumapili ya Novemba 1989. Walikuja watu wawili kutoka Saboti: Kimutai, baba mdogo wa Jerono aliyemlea baada ya baba yake kufa, na shangazi yake Jepkosgei. Walikuja kuona nyumba na kuuliza habari za ukoo, kama watu wenye akili wanavyofanya kabla ya kumtoa binti. Nilikuwa nimechinja kuku, nimefagia uwanja mara mbili. Tulikaa nje kivulini, na Bosco alikuwa amelala karibu na ua, mkubwa sasa, rangi ya majani makavu.

Baada ya chai Kimutai akaanza maswali, pole pole, moja baada ya jingine. Kuna mchawi? Hakuna. Kuna mwenda wazimu? Hakuna. Kisha akauliza kama katika ukoo wetu kuna ugonjwa wa kuanguka.

“Hakuna, mzee,” nikasema. “Tangu babu wa babu.”

Wakhungu alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake. Niliona mdomo wake unaanza kufunguka, nikamwongezea Kimutai chai ili asimtazame.

Hapo ndipo Bosco aliposimama. Alitembea hatua tatu kama mlevi, akakodolea ukuta macho, kisha akaanguka chini kwa ubavu, puu. Miguu yote minne ikaanza kupiga hewa. Meno yalikuwa yanagongana tukasikia, povu likamtoka, mkojo ukatiririka. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo, na nilijua kabisa ninachokiona.

Nyaruai alikuwa ameshachungulia juu ya ua. Akatangaza kwa mtaa wote kwamba mbwa wa Rispah, ndiyo mimi, ana kichaa. Lazima nieleze kwamba mwezi wa nne mwaka huohuo mbwa mwenye kichaa aliuma watu Tuwan, na tangu hapo mbwa akipiga chafya tu watu walichukua rungu. Jepkosgei alipanda juu ya kiti na viatu vyake vya kanisani. Kimutai akainuka na fimbo yake, fimbo nzito ya mtu wa ng'ombe.

“Mama, hii mbwa iko na wazimu. Niimalize?”

Sasa sikieni nilivyo. Nilimtazama ndugu yangu, nikaona uso wake, nikajua atakwenda pale na akienda atajulikana. Mbwa akifa haraka, hakuna mtu atakayeuliza kitu. Nilifikiria hayo yote kwa muda wa kufumba jicho, na nikafikiria vizuri, sikuchanganyikiwa.

“Imalize, mzee,” nikasema.

Nikamshika Wakhungu shati kwa nyuma. Alijivuta na kifungo kikaruka. Akaenda akasimama katikati ya fimbo na mbwa, na Kimutai nusura ampige yeye.

Hakupiga kelele. Alimwomba mzee arudi nyuma hatua chache, akaondoa stuli iliyokuwa karibu na kichwa cha Bosco, akaondoa jiwe, akavua koti lake zuri la harusi za watu akalitandika pembeni ambapo kichwa kilikuwa kinagonga chini. Mkono hakuupeleka mdomoni mwa mbwa. Kisha akachutama, akatazama saa yake, akasema tumpe mbwa dakika tano, na kwamba baada ya hapo mzee afanye atakalo.

Kimutai hakushusha fimbo. Alisimama nayo imeinuliwa vilevile. Jepkosgei akasema tumpe kijiko aume. Wakhungu akakataa. Nyaruai akasema tummwagie maji. Wakhungu akasema hapana, maji yanaingia puani, mtu anazama hali yuko nchi kavu. Alisema “mtu”. Nilisikia, nikaomba Mungu wengine wawe hawajasikia.

Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mbwa alikuwa bado anapiga miguu, na povu lilikuwa limemrukia Wakhungu kwenye suruali. Nyaruai alianza kumwita mtu wa nyumba ya tatu alete panga. Dakika ya tatu miguu ikapungua kasi, ikalegea, Bosco akatulia kimya kabisa. Nyaruai akasema amekufa. Nitasema ukweli, moyo wangu ulishuka kwa raha, kisha nikaona mbavu zinapanda na kushuka.

Alipoinuka alikuwa hajui aliko. Alijigonga ukutani, akageuka, akaanza kuja upande wetu kichwa kikiwa chini, na Kimutai akaivuta fimbo nyuma ya bega. Wakhungu alimwita mbwa kwa jina, sauti ya chini tu. Bosco akasimama. Masikio yakainuka. Wakhungu akaita tena, na mkia ukatikisika kidogo, Bosco akaenda akaweka kidevu kwenye goti lake.

Kimutai alishusha fimbo. Akamtazama mbwa, akasema mbwa ya wazimu haijui jina lake. Lakini macho yake yalikuwa yamehamia kwa Wakhungu.

“Kijana, wewe ulijuaje?”

Nikadakia mimi. Nikasema ni fundi saa, mzee, anapenda kuhesabu dakika. Upuuzi mtupu, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea.

“Dada, wacha,” Wakhungu akasema. Hakuniangalia. “Mzee, mimi pia naanguka. Tangu nikiwa mtoto.”

Jepkosgei alishuka kitini taratibu, akakaa. Hata Nyaruai alifunga mdomo, jambo ambalo sijaliona tena. Kimutai alinigeukia akanikumbusha, bila hasira, kwamba alikuwa ameniuliza swali hilo kabla chai haijapoa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na sufuria zangu.

Akamrudia Wakhungu. “Na ukianguka, nani anakaa na wewe?”

Ndugu yangu alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tukae pale. Nilikuwa nimemvunjia kifungo. Nilikuwa nimemuuza mbwa wake. Angeweza kusema chochote.

“Dada yangu huyu,” akasema. “Yeye ndiye anakaa na mimi.”

Mzee akavua kofia. Akanijia na mikono yote miwili, akanisalimia upya kama mtu aliyefika sasa hivi. Alisema nimemdanganya na hilo halikumpendeza, lakini ameona kwa macho yake jinsi kijana alivyofundishwa. Nyumba ambayo mwenye kuanguka haachwi, alisema, binti yao anaweza kukaa. Jerono ataambiwa yote jioni hiyohiyo na ataamua mwenyewe. Nikapokea ile mikono. Nikasema asante, mzee. Ningesema nini?

Maana mimi sijawahi kukaa naye. Hata mara moja. Miaka tisa Kitale, kila alipoanguka nilitoka nje, nikavuta mlango, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiziba masikio mpaka kimya kiingie. Niliogopa povu kama watu wote wa Bumula. Hayo aliyomfanyia Bosco hakufundishwa na mtu. Aliyajua kwa sababu kila alipoamka peke yake, kichwa kinamuuma kwa kugonga mguu wa meza, alijua ni kitu gani kilipaswa kuondolewa.

Daktari wa mifugo alituagiza tumfunge Bosco siku kumi tumwangalie, na siku zote kumi alikula ugali kuliko mimi. Jerono alikuja Jumanne. Walizungumza na Wakhungu mpaka mishumaa miwili ikaisha, na alipotoka aliniambia harusi ni Aprili.

Wakhungu alianguka tena mwezi wa kwanza, Alhamisi saa nne asubuhi, tukiwa wawili tu nyumbani. Nilisikia kikombe kimevunjika. Miguu yangu ilishanifikisha mlangoni, mkono uko kwenye komeo. Sijui nilisimama pale muda gani. Kisha nikarudi.

Nilisukuma meza. Nikaondoa vipande vya kikombe kwa mikono, vikanikata. Nikatandika leso yangu chini ya kichwa chake, na povu likanishika kiganjani, la uvuguvugu, kama mate ya mtoto tu. Nikahesabu kwa sauti kwa sababu sikuwa na saa, na nilikuwa nalia, hesabu ikanipotea nikaanza upya. Miguu ilipolegea nikamlaza kwa ubavu, nikabaki nimepiga magoti pale pale.

Alifungua macho. Akaniona nimeinama juu yake, damu mikononi, machozi usoni, na nikaona hofu imemjaa, kwa sababu hakuwa amewahi kuamka akakuta mtu kando yake.

“Dada,” akauliza, “nani amekufa?”

“Hakuna,” nikamwambia. “Hakuna aliyekufa. Lala kidogo, niko hapa.”