Mdiria na Dagaa

Nilikuwa kwenye eda, mwezi wa tatu nimekaa ndani, pale ndege mdiria alipojigonga kwenye kioo cha dirisha langu, ghorofani, mtaa wa Ndia Kuu. Kioo hicho alikitia marehemu mume wangu. Mimi nilitaka dirisha la mbao kama la kwa mama, yeye akasema mbao zafuga mchwa. Tulinuniana siku mbili. Basi.

Nilimwokota roshani. Kadogo, kiganja hakijai. Mgongo buluu kama wino, kifua rangi ya papai bivu, mdomo mwekundu, mrefu kupita adabu. Macho wazi, hajitingishi. Nikamweka kwenye ungo chumbani, nikamfunika leso. Huruma sikumwonea, nasema kweli. Toka siku ya maziko sikuwa nasikia kitu. Watu walilia, mimi nikawaangalia. Lakini sikutaka mwengine afe chumba kile. Hilo tu nililitaka.

Shoga yangu, yule Mhindi wa duka la chini, akapanda na bakuli la dagaa wabichi.

"Huyu mla samaki, dada. Mpe."

Nikamfunua, nikamshikia dagaa mdomoni mpaka vidole vikanuka. Akafumba macho.

"Mkaidi kama wewe," shoga akasema. "Tumekuletea biriani, ukaliangalia tu."

"Mimi sina mdomo mrefu."

"Wewe? Huo wako wafika Makadara!"

Ndipo nikakumbuka. Utotoni, shamba kwa bibi yangu, yule aliyekuwa akivuta tumbaku kwa kumficha babu, ndege hawa walikaa vichakani, mbali na maji. Walichimba mashimo kwenye kingo za udongo, wakila panzi na buibui. Hawana haja na samaki. Nami nalijua hilo, na saa nzima namsokomeza dagaa.

Tukaondoa bakuli, tukafungua dirisha, tukasogea mlangoni. Baada ya muda mrefu akasimama ukingoni mwa ungo. Buibui alikuwa akishuka kwenye fremu. Mdiria akainamisha kichwa, akakiinua, akaruka, akamnasa. Akambamiza kwenye ukingo wa dirisha, ta, ta, akameza. Kisha akatoka. Buluu ile ikapita juu ya mabati, nikaipoteza.

"Kenda zake," shoga akasema. "Hufurahi?"

"Sijui."

Dagaa hawatupwi. Nikawakaanga, nikawakamulia ndimu, tukala sote wawili. Nilikula wanane, alihesabu yeye. Ladha sikuisikia, ila chumvi.