Dereva wa lori aliamua nifungwe kizazi, na mimi nikiwa macho

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo. Leo natoa jambo lililokaa kifuani mwangu tangu ujana. Si chai, yaani si hadithi ya kutunga. Anayetaka chai aende jukwaa la mapenzi, kule inachemka muda wote.

Naandika kwa simu, makosa ya herufi mtanivumilia.

Ilikuwa Sumbawanga, miaka ile ya ruksa, kila mtu anauza kitu. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa mtumishi wa serikali. Sisi ni watu wa Mbeya, Rukwa tulifika kwa uhamisho wake, tukapanga Chanji.

Mshahara wake ulikuwa unakuja ukijisikia. Basi nikafungua kibanda cha mchele pale Majengo. Mchele nilikuwa naufuata mwenyewe Muze, kule bondeni upande wa ziwa, narudi nao na lori.

Mimba ya tatu ilinikuta kwenye hiyo biashara. Wawili wa kwanza nilijifungua kwa operesheni. Manesi wa kliniki walishanionya nisiende mbali na hospitali, mimi nikasema bado bado. Ubishi wa Kinyakyusa huo, msinipopoe mawe.

Uchungu ukanishika Muze, nimekaa juu ya magunia.

Dereva wa lori aliitwa Deus, Mfipa mmoja mpole, tulijuana kwa biashara tu. Alishusha magunia ya watu chini ili gari lipande mlima upesi, wenye mzigo wakabaki wanapiga kelele. Barabara ile ya kutoka bondeni mnaoijua mnaijua. Mama mmoja wa Kisukuma, katika wale wafugaji waliohamia kule na ng'ombe zao, alinishika kiuno njia nzima. Sikuwahi hata kumuuliza jina, Mungu ambariki alipo.

Baba Neema alikuwa Mpanda kikazi. Na simu za mkononi hazikuwepo, vijana msisahau hilo.

Tukafika hospitali. Sitaitaja, msiniulize hata PM.

Sasa hapa nieleze kidogo. Kwetu mgonjwa alikuwa hana kauli. Ana "mwenye mgonjwa", yaani ndugu aliyemleta. Huyo ndiye anaelezwa ugonjwa, anatumwa dawa, anaulizwa uamuzi. Usipokuwa na mwenyewe, utakaa kwenye benchi mpaka apatikane.

Na kuchangia matibabu ndiyo kwanza kumeanza. Glovu, nyuzi za kushonea, dripu, vyote mnanunua duka la dawa nje. Deus alikimbia akanunua. Mwanaume akishaingia na glovu mkononi, jasho linamtoka, nani tena atamuuliza wewe ni nani?

Mimi nilikuwa kwenye machela koridoni. Nilikuwa na maumivu, lakini akili zangu timamu. Nesi aliniuliza jina, nikajibu. Akaniuliza nimekula saa ngapi, nikajibu. Akaniuliza nimezaa mara ngapi, nikajibu vizuri kabisa.

Nikamwona daktari anaongea na Deus pale mlangoni. Deus anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nikadhani wanaongelea damu ya kuniongezea.

Wakaniingiza thieta. Mtoto wa kiume, mzima, analia mpaka nje wanasikia. Nilifurahi jamani, hapo siwezi kudanganya.

Kesho yake daktari akapita wodini na wenzake. Alipofika kitandani kwangu akawaambia, kama anasoma bei ya sukari:

"Huyu ni operesheni ya tatu. Tumemfunga kizazi, mume wake aliridhia."

Nikasema, "Shikamoo daktari. Mume gani?"

"Mume wako, aliyekuleta."

"Mume wangu yuko Mpanda."

Daktari akamtazama nesi, nesi akatazama dirisha. Kisha wakaenda kitanda kinachofuata. Wakuu, walienda kitanda kinachofuata!

Mama wa kitanda cha jirani akaja kumchukua mtoto asije akaniponyoka. Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini. Mimi na Baba Neema tulikuwa tunasema wanne, siku nyingine tunasema watano, ni mazungumzo yetu ya jikoni ambayo yalikuwa hayajaisha.

Jioni Deus akaja na uji aliopika mke wake. Nikamuuliza uso kwa uso.

Akakaa chini sakafuni. "Dada yangu, nisamehe. Walitoka wakauliza mwenye mgonjwa nani. Nikajua nikisema mimi dereva tu, watasema tumsubiri mwenyewe, na wewe unakwisha. Nikasema mimi."

"Na la kizazi je?"

"Daktari alisema ukibeba tena kovu litaachia, utakufa. Akaniuliza tumfunge? Dada, nilishasema mimi ni mume. Mume gani atajibu hilo sijui?"

Nilitaka kumrushia bakuli la uji. Nikashindwa, kwa sababu bila uongo wake leo msingesoma uzi huu. Huyu mtu kaniokoa, na huyu huyu kaniuza. Hadi leo sijui nimweke upande gani.

Nilipopata nguvu ya kutembea nikaenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, kulalamika. Mzee wa heshima, akanikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikadhani sasa nimepata mtu.

Akasema, "Pole sana mama. Mume wako anasemaje?"

Nikamwambia bado hajarudi.

"Basi akirudi njoo naye. Malalamiko kama haya lazima mwenyewe awepo."

Mwenyewe! Tumbo langu, kovu langu, maziwa yananichuruzika kwenye kanga mbele yake, na mwenyewe yuko Mpanda!

Baba Neema akarudi. Kwanza alitaka kujua huyo Deus ni nani kwangu, mnawajua wanaume. Yakaisha. Akakasirika sana, akavaa koti, nikasema leo hospitali watanikoma.

Tukaingia ofisini. Daktari aliyenipasua naye aliitwa. Akaomba radhi, lakini akimtazama mume wangu. Akamweleza habari za kovu, hatari, na kwamba alifanya kwa nia njema.

Baba Neema akasikiliza. Kisha akasema, "Daktari, sasa nimeelewa. Kosa ni kumuuliza mtu siye. Mngeniuliza mimi, hata mimi ningekubali."

Wakasimama wakapeana mikono. Juu ya kichwa changu, wakuu. Mimi nimekaa katikati na mtoto, hakuna aliyeinamisha shingo kuniangalia.

Sikulia pale. Nililia nyumbani Chanji, na mume wangu kwa dhati kabisa akaniuliza nalia nini tena wakati wameshaomba radhi.

Simchukii, tunazeeka pamoja. Daktari naye pengine alikuwa sahihi kwa utaalamu wake, kovu la tatu si mchezo. Kijana wangu huyo sasa ana ndevu.

Nilichojifunza: ukiwa mjamzito au una ugonjwa wowote mzito, sema unachotaka mapema, mbele ya mashahidi. Na nyie mnaopeleka wagonjwa, kubeba mtu hospitali hakukupi kibali cha kumjibia. Kama anaweza kutaja jina lake, anaweza kuulizwa.

Wanasheria na madaktari wa humu, mnisaidie. Siku hizi nasikia ridhaa ni ya mgonjwa mwenyewe. Je, enzi zile kesi ingekuwa ya nani? Ya mume, au yangu?

Najua kuna atakayeandika, "Sasa ungeulizwa, ungekataa?"

Dada zangu waliniuliza hivyo hivyo. Nawajibu ukweli: sijui. Labda ningekubali. Labda ningesema nipasueni kwanza, hilo lingine tutaongea nikipona. Nimejaribu kulijibu miaka yote hii na siwezi, kwa sababu siku ya kulijibu ilikuwa ile moja tu, na nilikuwa pale pale koridoni, macho makavu, nawasubiri waje kwangu.

Karibuni, ila matusi kwa Deus sitaki.