Bomani Hatuitani Majina

Umewahi kumtafuta mtu aliyepotea bila kulitaja jina lake? Usinijibu haraka. Mimi nimewaona wanaume wazima, wenye akili zao na familia zao, wakitembea kando ya mto Songwe mchana kweupe wakiita kofia.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Tunduma, karibu kabisa na mpaka wa Zambia, mahali ambapo tulijua kusalimiana kwa Kibemba kabla hatujajua kusoma saa. Lakini kwao baba ni Ileje, milimani, kwenye mji mdogo unaotazamana na Malawi ng'ambo ya mto. Kila Pasaka tulikwenda huko. Mji wenyewe ulikuwa barabara moja yenye utelezi, mashine ya kusaga, kanisa la mabati na soko. Chini kabisa, pale mto unapopinda, kulikuwa na Boma.

Lilijengwa na Wajerumani. Nililikuta limebaki kuta tatu, geti la mawe, na mnara uliovunjika katikati. Ukuta mmoja ulisimama juu ya maji moja kwa moja, na ukitazama chini kichwa kinazunguka. Njia ya kutoka mjini kwenda kwa babu ilipita mbele ya geti hilo, na huko kulikuwa na sheria moja ambayo hata mchungaji aliitii: bomani hatuitani majina. Ukitajwa jina pale, umekabidhiwa. Kwa nani? Watu wazima hawakulipenda swali hilo. Bibi alisema tu, "Kwa wenyewe." Na aliyekutaja ndiye aliyekutoa.

Kwa hiyo kila tulipofika kwenye daraja la magogo tulisimama na kugawiana majina ya vitu, kila mtu na alichobeba au alichovaa. Baba akawa Mwavuli, mama akawa Kikapu, mimi nikawa Gauni. Mdogo wangu Ambakisye, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, akawa Kofia, kwa sababu ya kofia nyekundu ya sufu ambayo hakuivua hata kanisani. Sisi watoto tuliupenda mchezo huo kuliko Pasaka yenyewe.

"Mwavuli, punguza mwendo," mama alisema Jumatatu ile ya Pasaka, tukishuka kwenda kula chakula bomani kama watu wa mji ule walivyozoea. "Kofia amechoka."

"Kofia hajachoka," mdogo wangu akadakia. "Aliyechoka ni Kikapu."

Aliyecheka zaidi ni Shangazi Tusekile, dada yake baba. Shangazi alikuwa na duka la vitenge Tunduma, hakuwa na mume wala mtoto, na sauti yake ilivuka mpaka bila pasi. Mambo ya kuogopa mawe aliyaona upuuzi. Tulipofika getini akasimama katikati, mikono kiunoni, akapaza sauti: "Haya, wenyewe! Mimi naitwa Tusekile, binti wa hapa hapa! Anayenitaka aje, lakini aje na mahari, maana nimengoja sana!"

Baba alijikaza asicheke. Baba mdogo, mdogo wao wa mwisho, hakucheka kabisa.

"Dada, huo mdomo utakuja kututia matatani."

"Wa kwako umefungwa miaka yote, umekupa nini?"

Hayo ndiyo yaliyokumbukwa baadaye. Kila mtu aliyakumbuka, hata ambao hawakuwepo.

Masika ilikuwa imekolea na mto ulikuwa mwekundu, umejaa hadi kwenye matete. Tulitandika mikeka ndani ya kuta. Baba na baba mdogo wakatoka kuongea na watu wa mitumbwi. Mimi nikatumwa nje ya geti kuchuma majani ya mgomba ya kuwekea chakula. Ndani wakabaki mama na Shangazi, wakipakua ndizi na nyama. Na Kofia, ambaye alikuwa ameuona mpera ulioota kwenye ufa wa ule ukuta wa mtoni, ukiwa na mapera yaliyoiva.

Ndipo jina likaitwa. Mara moja tu.

"Ambakisye!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kali. Zaidi ya hapo siwezi kusema, kwa sababu kuta ziliipokea na kuirushiana hadi ikawa sauti ya kila mtu. Kisha nikasikia mawe madogo yakiporomoka. Kisha mto tu.

Watu walishuka kutoka mjini kwa wingi, na miti mirefu, na kamba, na mitumbwi yote iliyokuwepo. Siwezi kusema hawakujitahidi. Waliingia kwenye maji ambayo yangeweza kuwachukua na wao. Lakini tulikuwa bado chini ya Boma, kuta zinatuona, na hakuna aliyethubutu kulitaja jina lile mara ya pili. Basi wakaita, "Kofia! Kofia weee!" Wanaume wenye ndevu, wazee wa kanisa, baba yangu mzazi. "Kofia!" Nakumbuka nilisimama na majani yangu ya mgomba nikiwaza: kama ameshikilia matete mahali fulani, ana baridi, anaogopa, atajua kwamba ni yeye anayeitwa? Si ataona mchezo bado unaendelea?

Mtu mmoja tu ndiye aliyemwita. Shangazi alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, kitenge kimemvuka, akilia, "Ambakisye! Ambakisye, baba, niitikie! Ambakisye!" Mchana wote. Hadi sauti ile ya kuvuka mpaka ikakauka na kubaki mkwaruzo.

Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Mnamsikia? Bado anamwita. Hajatosheka."

Baba akaingia majini akamziba dada yake mdomo kwa kiganja.

Na mama? Mama alikaa juu ya jiwe la getini, kikapu mapajani, akitazama mbele. Hakuita jina, hakuita kofia. Watu wakasema ni uchungu, wakamfunika kitenge.

Maji yalipopungua, watu wa ng'ambo walimleta mdogo wangu kwa mtumbwi, wamemfunika majani kwa heshima. Walikuwa Wakristo kama sisi, na wakauliza anaitwa nani ili wamwombee. Ukingo mzima ukainamisha vichwa. Wakamwombea hivyo hivyo, mtoto asiye na jina.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Swali lilikuwa moja: nani aliita? Ndani walikuwa wanawake wawili. Mmoja ni mama wa mtoto. Mwingine ni tasa mwenye dharau, aliyetania wenyewe getini na kushinda mtoni akilitaja jina. Hata mimi mtoto niliona kwamba hesabu ilishapigwa kabla ya kikao. Shangazi alisema, "Si mimi." Wakamgeukia mama. Mama akavuta kitenge, akajifunika uso. Hiyo ikatosha.

Shangazi akaambiwa asikanyage tena kwao. Watu wa kwetu walioko Tunduma wakaacha kununua dukani kwake, na duka likafa. Baba hakumfungulia mlango. Shangazi akaenda Saza kupikia wachimba dhahabu, na kwetu hakutajwa tena. Wala mdogo wangu hakutajwa. Picha yake ikatolewa ukutani, na ikibidi kabisa kumsema, mama alisema "yule". Nimekulia kwenye nyumba hiyo. Boma lilihamia kwetu, likaweka geti sebuleni.

Chuoni nilisoma historia, na kwa sababu hiyo nikalitafuta Boma letu. Ukweli wake ni mfupi. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, karani alisimama pale getini akiita majina ya wanaume wa kubeba mizigo ya askari. Ukiitwa, unakwenda. Wengi hawakurudi, na mara nyingi aliyekutaja kwa karani alikuwa mtu wa kwenu, anayeokoa mwanawe kwa kumtoa wa mwenzake. Basi ile sheria haikuwa upuuzi. Kwa watu wa siku zile ilikuwa akili timamu: ukiwa karibu na geti lile, ficha jina la mwenzako. Karani aliondoka, Wajerumani wakaondoka, sisi tukaendelea kuficha. Nilijiona nimeerevuka sana kuyajua hayo. Kisha nikajiuliza yangemsaidia nani mtoni siku ile.

Sasa nafanya kazi Vwawa. Baba alishafariki. Mwaka jana, mama mmoja muuza ndizi sokoni aliniambia kuna bibi mgonjwa kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya soko, anasema ni shangazi yangu. Nikamkuta amekaa kwenye godoro, miguu imevimba, macho yale yale.

"Umenenepa," akasema. "Vizuri."

Nilimpeleka hospitali, nikamrudisha, nikampeleka tena. Daktari hakuwa na maneno mengi. Shangazi ndiye aliyekuwa nayo. "Mwanangu, nataka kufia kwetu. Nilale karibu na mama. Sitaki kuzikwa na watu wasionijua."

Nikampigia baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa.

"Hakuna anayemkatalia," akasema, na nafikiri alikuwa anasema kweli. "Aje pale getini, atamke mbele ya ukoo kwamba ni yeye aliyeita. Mambo yaishe. Nyumba ya bibi yako ipo, atapewa."

"Na kama si yeye?"

"Basi ni nani?"

Nilikata simu, nikamweleza Shangazi. Nilitegemea Shangazi atatukana, maana matusi alikuwa nayo ya kutosha, mengine ya Saza.

"Nitasema."

"Shangazi! Utasema kitu ambacho hukufanya?"

"Nimesema si mimi tangu nikiwa na meno yote. Imenipa nini? Wewe tafuta gari."

Ukoo ulimtaka na mama awepo. Mama alisema kichwa kinauma, halafu mgongo, halafu kuna maombi kanisani. Mwisho akaja, na kikapu chake, kana kwamba tunakwenda kula Pasaka. Nikawaweka wote wawili kiti cha nyuma.

"Wifi," akasema mama.

"Wifi," akasema Shangazi.

Tukaondoka kwenda Ileje.

Boma siku hizi lina kibao: NGOME YA KALE. Kwenye daraja, ambalo sasa ni la zege, tulipokelewa na jamaa mmoja mnene wa kamati ya utalii ya kijiji, shati limechomekewa, tabasamu limekaa tayari. Hakujua kilichotuleta.

"Karibuni kwenye kasri letu!" Kasri. Kuta tatu na popo. "Sasa, wageni wetu, hapa kuna utamaduni mmoja mtamu sana. Kuanzia hapa hatuitani majina! Kila mgeni anapewa la utani. Wageni wanapenda mno. Wewe dada utakuwa Miwani. Huyu bibi, Mkongojo. Na huyu bibi mwingine..." Akamtazama mama, akafurahi. "Huyu ni rahisi. Kikapu!"

Mama akasimama. Nilidhani ataanguka. Jamaa akaendelea kutabasamu, maskini, akingoja tucheke.

Getini ukoo ulikuwa umeshakaa juu ya mawe. Mpera ulikuwa umekatwa. Baba mdogo alisimama na Biblia, amekonda, hata yeye anaogopa. Nilimshika Shangazi kwapani, na nilitamani kumwambia turudi, tutapata pa kumzika, Vwawa kuna makaburi. Lakini hakutaka kaburi. Alitaka kwao.

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Siamini kwamba mawe huchukua watoto. Ninachoamini ni kwamba tuliogopa jina kuliko tulivyoogopa mto, na tulipomaliza kumpoteza mtoto tukampoteza na mtu pekee aliyemtafuta kwa kumwita kama binadamu anavyoitwa. Hakuna mwenyewe wa bomani aliyetufanyia hivyo.

"Sema, dada," akasema baba mdogo, kwa upole.

Shangazi akalamba midomo. "Siku ile tulikuwa wawili ndani. Mtoto alikuwa kwenye mpera. Mimi..."

Kikapu kikawekwa chini. Sote tulisikia.

"Wifi, kaa," Shangazi akasema haraka, bila kugeuka. "Kaa chini. Wewe una mtoto anayekutazama hapa. Mimi sina."

Nikaelewa. Alijua. Alisimama pembeni ya mama siku ile, akajua, na akabeba miaka yote.

Mama hakukaa. Alikuwa anatazama ule ukuta wa mtoni, pale ulipokuwa mpera.

"Tawi lilikuwa linakatika," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kisha ikakua, kuta zikaanza kuipokea. "Nililiona linakatika. Nilitaka kusema Kofia. Halikunijia. Mtoto niliyemzaa, ningemwitaje kofia? Nikamwita jina lake, akageuka kunitazama." Akavua kitenge kichwani, akakishika mikononi. "Ni mimi. Nilimwita mimi. Nilimwita Ambakisye."