Tiki ya Mama Senti

Mhasibu wetu tulimwita Mama Senti, na jina lenyewe nilimpachika mimi, mtunza stoo, siku aliponirudisha mara tatu kwa sababu risiti yangu ya kufuli ilipungua senti hamsini. Alipolisikia hakukasirika. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanidai senti zake.

Ukiingia ofisini kwake ungemkuta amevua viatu chini ya meza, mto mgongoni, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Shirika letu huwaazima wagonjwa wa mapafu mashine za oksijeni za kukaa nazo nyumbani, nao huchangia kidogo kila mwezi. Kidogo kwa waliopanga, nasema mimi. Kwa mtu anayelala ameketi ili apate pumzi, hakuna kidogo. Deni likitimiza miezi sita, programu ya hesabu yenyewe humtia mgonjwa kwenye orodha, orodha ikaingia kwenye simu ya dereva alfajiri, na dereva akaenda kuchukua mashine. Hakuna mtu anayeulizwa. Waliotuletea programu hiyo walisema ndiyo raha yake. Mimi niliichukia siku hiyohiyo, ila mbele ya watu wenye tai nilifyata mkia.

Miongoni mwa wagonjwa hao alikuwemo mjomba wake Mama Senti, fundi saa mstaafu. Ndiye aliyemlea na kumsomesha baada ya baba yake kufa, kwa pesa za kubadilisha betri na mikanda. Mama Senti alimlipia mchango kimyakimya kila mwezi, mpaka mumewe alipoachishwa kazi na nyumba nzima ikamwangukia yeye. Hapo deni la mjomba likaanza kupanda. Mwaka ulipokuwa unaisha lilikuwa miezi mitano, na mwaka mpya ukiingia lingetimiza sita.

"Si umwambie bosi?" nilimuuliza.

"Nimwambie nini? Mhasibu anamwombea mjomba wake? Kesho utasikia nimeufutia ukoo mzima madeni."

"Waache waseme, midomo ni yao."

"Na vitabu ni vyangu," akanijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alikuwa akingoja kufunga hesabu za mwaka, wakati ambapo madeni yasiyolipika hufutwa kwa utaratibu. Bosi mwenyewe aliipitia orodha ya madeni hayo na kutia saini majina kumi na mawili. La fundi saa lilikuwa la kwanza, na hakuna aliyependelewa.

Siku ya mwisho ya mwaka, saa kumi jioni, wenzetu walikuwa wameshaondoka na mlinzi alikuwa akitingisha funguo ukumbini ili tuelewe. Mama Senti aliniita.

"Njoo unisomee majina, babu. Macho yamechoka."

Kwenye kompyuta alikuwa na ukurasa wa marekebisho: umeme uliotumika ambao ankara yake haijaja, maji, mishahara ya siku za mwisho. Alinieleza kwamba maingizo ya namna hiyo programu huyageuza yenyewe tarehe mosi, yaani huyatangua, ili ankara ikifika gharama isihesabiwe mara mbili. Unatia tiki kwenye kisanduku cha juu tu, basi. Halafu, badala ya kufungua ukurasa mpya, akashuka chini ya ule ule.

"Nayaweka hapahapa, tumalize twende zetu."

Nikasoma, akaandika. Sababu: hawezi kulipa. Sababu: hawezi kulipa. Nilipofika jina la saba niliinua macho nikaiona ile tiki, ya kijani, bado ipo pale juu. Nikajiuliza, na ufutaji huu nao si utageuzwa, madeni yarudi? Lakini mimi ni mtu wa stoo, na shuleni tiki ilikuwa alama ya kupata. Tena nilitaka kwenda nyumbani. Nikasoma jina la nane.

Alipobonyeza kuhifadhi alijinyoosha, akavaa viatu. "Leo mjomba anapumua bure," akasema. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile.

Sikukuu ikapita. Siku ya kwanza ya kazi alifika saa mbili, akanitania kuhusu shati langu, akaingia ofisini. Baada ya muda mfupi nikasikia kiti kikianguka. Alitoka peku, simu sikioni.

"Yamerudi! Madeni yote yamerudi!"

Dereva hakupokea. Sheria ya ofisi inakataza kushika simu akiwa barabarani, na siku hiyo, kwa bahati yetu mbaya, aliifuata. Mama Senti akampigia mkaza mjomba wake, akaweka spika.

"Kijana wenu ameondoka nayo muda mrefu tu, mwanangu. Nilitaka kumzuia. Mjomba wako akaniambia nisigombane naye. Amesema kama ni hesabu zako, basi zitakuwa sawa."

"Yuko wapi? Mpe simu!"

"Amekaa kitini. Naona amepata usingizi."

Dereva akaingia getini wakati huo, mashine moja nyuma ya gari. Nilipoishika ilikuwa bado na uvuguvugu. Mama Senti, ambaye hakuwahi kuruhusu hata penseli itoke stoo bila saini, alipanda gari na kumwambia dereva ageuze. Mimi nilimrushia viatu vyake dirishani.

Wale kumi na mmoja wengine hawakufikiwa. Fundi saa alizikwa kesho yake.

Mama Senti alirudi kazini baada ya wiki moja. Akaniita, akafungua ukurasa mpya, nami nikamsomea tena majina kumi na mawili. Kwenye jina la kwanza alisita mbele ya kile kisehemu cha sababu, kisha akachagua: amefariki.

"Niangalizie pale juu," akasema. "Tiki ipo?"

"Haipo."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Laiti siku ile ningekuambia uangalie," akasema, akabonyeza.

Nikainamisha kichwa kwenye karatasi. Sijamwambia mpaka leo kwamba siku ile niliiona.