Kumtafuta Mfua Nguo

Filamu ilipofika mjini, mama alikuwa ndani ya eda. Baba alikuwa amefariki kwa homa, na mama, kule kwetu Jambiani, alikuwa amekaa chumbani bila wanja wala udi mpaka siku zake za ujane zitimie. Mimi nilikuwa nasoma mjini, nakaa kwa shangazi, dada yake baba. Tulipoambiana skuli kuwa sinema mpya imetokana na riwaya fulani kongwe ya Kiingereza, niliuliza jina lake mara mbili. Kitabu kile nilikuwa nakijua.

Baba alikuwa mwalimu wa skuli ya kijijini, na kitabu alikiazima. Kilihusu binti yatima anayelelewa katika jumba la mjomba wake, tajiri asiye na huruma. Kila siku baada ya sala ya alasiri baba alimsimulia mama, naye mama anasokota kamba za usumba wa makumbi ya nazi. Mama hakujua Kiingereza hata cha salamu. Baba alikuwa akisoma ukurasa kimya, anafumba kitabu juu ya kidole chake, kisha anasimulia kwa Kiswahili. Nikirudi likizo nawakuta hapo hapo, na mimi najipenyeza.

Yatima mwenyewe mama hakumtaka. "Analia mno huyo," alisema. Kipenzi chake alikuwa mfua nguo wa lile jumba, mwanamke mfupi, mkali, ambaye akianza na "Mimi sisemi kitu" basi jiwekee mto, maana atasema mpaka magharibi. Mara ya mwisho baba aliposimulia, mfua nguo alikuwa amemjibu bwana mkubwa mbele ya wageni wake, na bwana amemwambia, "Kesho asubuhi uje mbele yangu." Hapo baba akakifumba kitabu. Homa ikamlaza wiki ile ile, na hakuamka tena. Kitabu kikarudi kwa wenyewe.

Shangazi alipokwenda kumwangalia mama alimpa habari za sinema, akarudi na maagizo kwangu. "Mama yako anasema ukamtazamie. Anataka kujua mfua nguo kafanywa nini."

Tulikwenda onyesho la wanawake, mchana. Mabuibui yalikuwa yameshushwa mabegani, asumini zinanukia, watoto wanalia, na mwanamke mmoja nyuma yetu anawatafsiria wenzake mambo ambayo nina hakika hayakusemwa. Kisha taa zikazimwa, na mimi nikapotea. Sijapata kupenda kitu vile. Ukungu ule, ngazi zile, uso wa yatima alipopewa chumba chenye dirisha! Nililia mpaka shangazi akanipa ncha ya kanga yake. Lakini jicho langu moja lilikuwa kazini, linamtafuta mfua nguo. Kuna mahali nguo zimeanikwa uani, upepo unazipiga. Nikasimama kabisa.

"Kaa, we mtoto, unatuziba!" shangazi akanivuta.

Nguo zilikuwapo. Mtu hakuwapo. Filamu ikaisha, yatima akaolewa, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikabaki nimekodoa macho kwenye pazia jeupe.

Likizo ilipofika nilipanda gari la shamba kurudi Jambiani. Kupita Tunguu nilikuwa na sinema nzima kichwani. Msitu wa Jozani ulipoisha nilianza kujiuliza nimtungie mama uongo gani. Gari liliposimama Kitogani kushusha magunia, nilijaribu kumtoa mfua nguo kazini, nikamrudisha, nikamwoza kwa mtunza bustani. Hakuna kilichokuwa na ladha. Ulimi wa baba sikuurithi. Baada ya Paje kukawa na mawe matupu na jua, na kichwa changu kitupu vile vile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Sema."

Nikasema yote, na yeye akanistahamilia, anasubiri.

"Na mfua nguo?"

"Hayumo, mama."

"Hayumo vipi?"

"Hawakumtia."

Alikasirika kama kaibiwa. "Yaani wamewabakisha hao wa kukaa vitini, mwenye kuwafulia wakamtoa! Sinema gani hiyo?" Mimi niliyeipenda sinema ile kama roho yangu niliumia. Kisha akapoa. "Kitabuni yumo. Kijue Kiingereza upesi, uje unisomee. Nnataka kujua asubuhi ile kulikuwaje."

Basi wengine walisoma Kiingereza wapate kazi. Mimi nilikisoma kwa ajili ya asubuhi ile. Ilinichukua miaka. Nilipokiazima kitabu kwa mwalimu wetu nilikisoma jalada hadi jalada, kisha nikakirudia kwa kidole, mstari kwa mstari. Bwana mkubwa yumo. Wageni wamo. Mfua nguo hayumo popote. Nilikaa na kitabu mapajani, nikaanza kumsikia akisema, lile "Mimi sisemi kitu" lake, ule ukali, na nikajua nimemwona wapi. Nyumba nzima ingemtambua, isipokuwa mwenyewe.

Nilirudi Jambiani. Eda ilishaisha zamani, mama yupo kibarazani na usumba wake.

"Hata kitabuni hayumo, mama. Baba alimtunga."

"Alimtoa wapi?"

"Ni wewe."

"Mimi?" Kamba ikamponyoka. "Mimi nna domo vile?"

Akacheka, na mimi nikacheka, mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna nini. Nilidhani mzigo nimeutua. Kisha mama akaikusanya kamba yake taratibu, akaniangalia kama mtoto anayemwangalia mwalimu.

"Basi ile asubuhi," akasema, "alitaka kunifanya nini?"

Nilikuwa nimeshinda mitihani yote ya Kiingereza. Swali lile halikuwamo; jibu lake baba alikwenda nalo.