Kudra na Boksi la Bana

Kudra Mwinjuma hakuwa mtu wa kupendwa, na hakuonekana kujali. Asubuhi akiingia kiwandani alisalimia mara moja tu, mlangoni, kwa wote, kisha hakurudia kwa mtu mmoja mmoja. Ukimuuliza swali la kijinga alikuambia ni la kijinga. Kinamama wa kufungasha biskuti walisema ulimi wake umepakwa pilipili. Fundi mkuu, Didas, alisema mengine ambayo hayaandikiki.

Alikuwa na miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Mzenga, Kisarawe. Alipanga vyumba viwili Mkuza, na kwa miaka sita alikuwa fundi wa bana katika kiwanda kimoja cha biskuti nje kidogo ya mji wa Kibaha. Bana ndiyo inayopuliza moto ndani ya tanuri, na ya kwao ilitumia gesi. Ubavuni mwake kulikuwa na kisanduku cha plastiki kidogo kuliko tofali, mafundi wanakiita boksi. Boksi hilo ndilo lenye amri. Linawasha feni kwanza ili kufukuza gesi iliyobaki tanurini, linapiga cheche, linafungua gesi, kisha linasubiri kuona kama moto umeshika. Lisipouona ndani ya sekunde chache linafunga gesi na kuwasha taa nyekundu.

Kudra aliliheshimu boksi kuliko alivyowaheshimu watu, na alikuwa na sababu. Kabla ya Kibaha alifanya kazi kwenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi huko Dar es Salaam. Siku moja taa nyekundu ikawaka, msimamizi akamwambia abonyeze tena, naye akabonyeza mara tano bila kujiuliza kwa nini inawaka. Mara ya tano gesi iliyojikusanya ndani ikalipuka. Mwenzake, Hashiru, alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kuchungulia. Alipoteza jicho la kulia. Kudra alikwenda kumjulia hali nyumbani mara mbili. Mara ya tatu mke wa Hashiru alimfungia mlango usoni.

Mwezi wa tatu mwaka jana boksi la tanuri la Kibaha lilikufa. Kudra aliandika kwenye karatasi boksi analolitaka: liwe la gesi, lihisi moto kwa ncha ya chuma inayokaa ndani ya mwali, feni yake ipulize si chini ya sekunde thelathini, na liwe linajikagua lenyewe, kwa kuwa tanuri lao lilikuwa likikesha siku tatu, nne, bila kuzimwa. Akanakili namba yote kutoka kwenye boksi la zamani, na herufi mbili za mwisho akazipigia mstari.

Didas, aliyekwenda kulinunua, alirudi na boksi lenye umbo lile lile, rangi ile ile, matundu ya skrubu mahali pale pale. Herufi za mwisho zilikuwa nyingine.

"Hili ni la dizeli," Kudra alisema bila kulishika.

"Linaingia."

"Hata mguu wangu unaingia kwenye kiatu chako. Hili linatumia jicho la mwanga. Jicho hilo linaona moto wa dizeli kwa sababu ni wa njano. Moto wa gesi ni wa bluu, halitauona."

"Tatizo lako dada unasoma sana."

"Na wewe unasoma nusu. Mimi silifungi."

"Basi tutalifunga mimi na Eliya. Wewe nenda kapumzike, labda utarudi na adabu."

Eliya alikuwa fundi umeme, mtu mzima mwenye wajukuu, asiyependa ugomvi. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumatatu asubuhi Kudra alikuta tanuri linafanya kazi. Hakufurahi. Aliinama kando ya bana na kuona jicho la mwanga limechomolewa mahali pake, linaning'inia kwenye nyaya zake, na mbele yake imefungwa simu kwa utepe mweusi wa umeme. Tochi ya simu ilikuwa inawaka. Simu ilikuwa ya Stellamaris, mmoja wa kinamama wa kufungasha, ambaye alipewa kazi ya kuwasha tochi kila feni inapomaliza kupuliza.

Kwa boksi lile, tochi ndiyo ilikuwa moto. Moto wenyewe ungezimika, lisingejua; lingeendelea kumwaga gesi kwenye tanuri la joto, hatua chache kutoka meza ya kinamama ishirini.

Kudra alifunga valvu kuu ya gesi, akachomoa mkono wa valvu hiyo, akautia mfukoni mwa ovaroli. Tanuri likanyamaza. Biskuti zikabaki katikati ya mkanda, zimeiva upande mmoja. Haikupita dakika tano watu wote walikuwa wamemzunguka, na meneja, mama Laurensia, akaja mbio kutoka ofisini.

"Nani amezima?"

"Mimi."

"Meneja, huyu ana wivu," Didas alisema. "Tanuri linafanya kazi tangu Jumamosi, halijasumbua hata mara moja."

Stellamaris naye akapaza sauti. "Kila siku Kudra! Tukirudishwa nyumbani utatulisha wewe?"

"Sitakulisha. Na ukiungua sitakuuguza."

Watu walizomea. Mmoja alimsukuma begani. Kudra hakugeuka, alimtolea Laurensia ule mkono wa valvu. "Mama, gesi imefungwa. Ufunguo wake huu hapa. Waambie wawashe bana."

Eliya alimtazama Didas, kisha akabonyeza. Feni ikapuliza, ikamaliza. Stellamaris akawasha tochi kama alivyofundishwa. Cheche zikalia. Boksi likawasha taa ya kijani.

"Limesema nini?" Kudra aliuliza.

"Moto upo," Eliya alijibu polepole.

"Mama, chungulia."

Laurensia aliinama kwenye kioo. Ndani kulikuwa giza tupu. Aliinuka, akainama tena, kana kwamba mara ya pili angeona kitu.

"Na swichi ya presha, ile inayohisi kama gesi ipo?" Kudra alimgeukia Eliya. "Bila gesi bana haikupaswa hata kuanza."

"Tuliiruka kwa waya. Ilikuwa inasumbua."

"Nani alikuambia?"

Eliya alitazama viatu vyake. Didas alikuwa amekwisha kuondoka.

Tanuri lilifungwa siku tisa kusubiri boksi sahihi, na kinamama wakarudishwa nyumbani kweli. Kudra naye alipewa barua ya onyo kwa kusimamisha uzalishaji bila idhini. Laurensia alimkabidhi mwenyewe.

"Ulikuwa sahihi, lakini ulifanya kwa jeuri."

"Gesi haisubiri idhini, mama," Kudra alisema, akatia saini.

Boksi jipya lilipofika, herufi zote zilikuwa zenyewe. Kudra alilifunga mbele ya watu waliokuja kuona. Moto wa bluu ukawaka, ukakaa sekunde tatu, ukazimika. Taa nyekundu.

Didas alicheka hadi akakohoa. "Hilo nalo la dizeli?"

"Bonyeza tena!" mtu alipiga kelele nyuma.

Kudra hakubonyeza. Alichomoa ncha ya chuma, akaitazama; ilikuwa safi, kauri inayoishikilia haina ufa. Akairudisha, akaunganisha mita ya kupimia umeme kati yake na boksi, akaacha feni ipulize muda wake wote, kisha akajaribu mara moja tu. Moto uliwaka lakini mita ilisoma sifuri. Akazima umeme na kufungua kifuniko cha nyaya. Laivu, waya unaoleta umeme, ilikuwa imekaa mahali pa nyutro, waya wa kuurudisha.

"Nani alifunga hizi?"

"Didas mwenyewe," Eliya alisema, safari hii bila kutazama chini. "Siku ile ya boksi la dizeli."

Boksi la dizeli halikujali. Hili la ncha lilijali, kwa kuwa linapitisha mkondo mdogo sana wa umeme kwenye mwali wenyewe, na nyaya zikibadilishana nafasi, mkondo huo unapotea. Kudra alizirudisha mahali pake. Moto ukawaka, mita ikapanda, taa ya kijani ikatulia. Kisha akaenda kuondoa ule waya wa swichi ya presha.

Hakuna aliyempongeza. Laurensia aliuliza biskuti zitatoka saa ngapi. Stellamaris alimfuata hadi bombani alipokuwa ananawa, akamwonyesha simu.

"Mgongo wake umeyeyuka."

"Mwambie Didas."

"Nakwambia wewe, ndiye uliyeleta maneno."

Desemba mkataba wa Kudra haukuongezwa. Didas alibaki fundi mkuu. Kudra alifungasha vitu vyake, akarudi Mzenga kwa mama yake, bi Mwanamvua, aliyemsikiliza hadi mwisho huku akimenya mihogo.

"Mwanangu, ungewaambia kwa upole."

"Niliwaandikia, mama. Karatasi haina ukali."

Bi Mwanamvua hakubisha, lakini hakukubali pia.

Sasa Kudra anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kukausha mihogo upande huo huo wa Kisarawe. Kina bana moja, ya dizeli. Wiki ya pili aligombana na mwenye kiwanda, aliyekuwa amepanga magunia ya makopa, vipande vya mihogo iliyokaushwa, hadi yakagusa bomba la moshi. Mzee alifoka kwamba kiwanda ni chake na magunia ni yake. Kudra alikunja mikono ya ovaroli, akaanza kuyahamisha, gunia moja moja, huku mzee akimfuata nyuma na kelele zake.