Makuei Si Ng'ombe Tu

Bibi wa Kidinka anayetunza nyimbo za ukoo kichwani, hapo kambi ya wakimbizi ya Kakuma, haanzi kuimba kabla hajatema tumbaku na kujipigapiga gotini kwa kiganja kigumu kama kwato. Leo aliimba amefumba macho, na mjukuu wake Aguer akamtafsiria mgeni mwenye kinasa sauti: “Anamsifu ng'ombe wa babake.”

Kiganja kikaganda hewani. “Ng'ombe? Hiyo ni Makuei! Kichwa nyeupe, mwili nyeusi, kama furukombe, ile tai ya mtoni! Baba yangu aliitwa kwa jina yake!”

Aguer akacheka. “Lakini bibi, si ni ng'ombe tu?”

Bibi akainyakua ile mashine, akaibana kifuani. “Vita ilikula ng'ombe zetu zote. Huyu mmoja nilitorosha kwa mdomo, na wewe unamchinja hapa!”